Kizuia Upepo cha Bi Shirini

Jumanne, tarehe ishirini na mbili mwezi wa nne, saa nne asubuhi, nilimpoteza Mutiso, mume wangu. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka thelathini na minane, na kufanya kazi chini ya bati moja miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo gereji yetu ilifungwa, na sijaifungua tena ila kuifagia.

Siku ya maziko, vijana watatu kati yenu mnaojifunza umeme wa magari mlinijia. Mliniuliza kama ni kweli Mutiso aliwahi kufunga kioo cha taa ndani ya gari la wazi, na kama naweza kuwaeleza alivyofanya. Nikawaambia nitaandika. Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo mnivumilie nikienda mbele na kurudi nyuma. Na nianze kwa kusahihisha mlichosikia. Mutiso alikifunga mara ya kwanza, na hakikufungwa vizuri. Mara ya pili nilikifunga mimi, yeye amekaa kando yangu. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa langu zaidi kuliko lake.

Kwa msiotujua, sisi ni Wakamba. Tulifika Malindi tukiwa vijana kama nyinyi, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Kisumu Ndogo, na Kiswahili chetu kilikuwa kikiwachekesha watu sokoni. Mutiso alipata kazi ya umeme wa magari. Mimi nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, halafu siondoki. Nilikaa nikimtazama jirani yake, mzee wa Kigiriama kutoka Ganze aliyeitwa Fundi Kombo, akishona viti vya magari. Siku moja akaninyooshea sindano ndefu.

"Mama, macho yako yamenichosha," akasema. "Shona."

Kombo hakuwa na futi. Alikuwa akifumba macho na kukipapasa kiti kwa viganja vyote viwili, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau ndani yake. Kiti changu cha kwanza nilikipitishia mshono mnene katikati, pale pale pa kukalia. Mwenye gari akaenda nacho Mombasa na kurudi, na aliposhuka alitembea kama bata. Kombo akakitazama kile kiti, akanitazama mimi.

"Hukumshonea kiti," akasema. "Umemshonea adhabu."

Tangu siku hiyo, kila kiti nilichoshona nilikikalia mimi kwanza, saa nzima, nikila muhogo. Nanyi kalieni vitu vyenu. Ukimpa mtu kitu ambacho hujakikalia, utasikia habari zake kutoka kwake.

Kombo alipokufa nilirithi sindano zake na sehemu yake chini ya bati. Basi tukawa wawili, Mutiso upande wa waya, mimi upande wa uzi. Magari ya paa la turubai yalikuwa mengi hapa kuliko mnavyodhani. Wageni waliohamia ufuoni walikuja nayo, wakazeeka nayo, na chumvi ikayala taratibu. Chumvi ya hapa haina haraka. Inaingia kwenye ncha ya waya, inapanda ndani ya ganda, na waya unaouona mzima kwa nje, ndani umekuwa unga wa kijani. Mutiso alikuwa akikata nyuma, anakata tena, mpaka aione shaba inang'aa. Ndipo anaunga, anapaka grisi, anafunga. Mimi uzi wangu niliupitisha kwanza kwenye mshumaa, ili maji yasipate njia katika tundu la sindano. Siku hizi mna viungo vya waya vinavyojibana vyenyewe vikipata moto, na uzi usiooza. Nafurahi. Lakini bahari bado iko pale pale.

Gerejini kwetu kulikuwa na sharti moja. Aliyefunga hawashi. Ukifunga taa wewe, swichi anaibonyeza mwenzio, na mwenzio anasema kwa sauti anachokiona. Mutiso alilianzisha baada ya siku moja kufunga honi, akaibonyeza mwenyewe, akaisikia ikilia vizuri kabisa, akamruhusu mtu aende. Kumbe iliyolia ilikuwa ya lori lililokuwa likipita barabarani. Mwenye gari alirudi jioni amekasirika, na bampa yake ina manyoya ya mbuzi.

"Mtu akitaka sana kusikia, atasikia," Mutiso aliniambia. "Kuanzia leo masikio yangu ni wewe."

Nililishika sharti hilo miaka mingi. Nililivunja mara moja tu, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Bwana Akbar ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, kama baba yake na babu yake aliyetoka Bara Hindi. Alikuwa na gari dogo la Kijerumani la viti vinne, lenye paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza swichi. Mama yake, Bi Shirini, alikuwa amepita miaka themanini. Kila Jumapili jioni alitaka kupelekwa Watamu kwa mdogo wake, na alitaka paa liwe chini. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa akikitaka tena duniani, alisema, vingine vyote ameshavipata au ameshavisamehe.

Tatizo lilikuwa upepo. Ulimpiga shingoni, ukamfunika uso kwa mtandio wake mwenyewe, akafika Watamu ameshakohoa njia nzima. Tena masikio yake yalikuwa mazito. Kwenye upepo hakumsikia mwanawe hata akipaza sauti, na jua likizama hakuiona midomo yake. Walikuwa wakienda kama watu wawili katika magari mawili. Akbar aliamua paa litafungwa siku zote. Bi Shirini akamjibu kwamba kama ni hivyo, yeye hatoki tena nyumbani, na hakutoka majuma matatu.

Ndipo Akbar akaja kwetu na boksi lililotumwa na ndugu yake kutoka ng'ambo.

"Fundi Mutiso," akasema, "hiki ukinifungia vizuri nitakuwa nimempata mama yangu tena."

Ndani kulikuwa na kizuia upepo. Ni kipande cha plastiki ngumu, safi kama kioo, upana wake kama wa viti viwili, kimo chake kinafika masikioni mwa mtu aliyekaa. Kinasimama nyuma ya viti vya mbele. Maana mjue jambo moja ambalo mimi nilichelewa kulijua. Katika gari la wazi, upepo unaokusumbua hautoki mbele. Mbele kuna kioo. Upepo unapita juu ya vichwa, unaanguka kwenye viti vya nyuma, unageuka, na kukurudia kisogoni.

Kabla ya kufunga chochote nilitaka kuuona. Nilikata nyuzi nyekundu, kila moja urefu wa kidole, nikazifunga kwenye viti, kwenye mikanda, kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Akbar akaendesha barabara ya Mambrui, asubuhi, mimi nimekaa pembeni nimegeuka nyuma. Mpaka leo nikifumba macho naziona. Zile za juu zililala kuelekea nyuma kama inavyotarajiwa. Lakini zile za kwenye viti zililala kuelekea mbele, kututazama sisi, zikitetemeka, kana kwamba nyuma yetu kulikuwa na mtu asiyeonekana akipumua. Nilizitazama nikasahau niko kazini. Akbar akaniuliza kama nimelala.

"Nimeuona, baba," nikamwambia. "Umekaa kiti cha nyuma."

Ukingo wa chini wa ile plastiki ulikuwa na utepe wa taa ndogo ndogo, wenye swichi yake. Mwanga wake unaingia ukingoni na kupita ndani bila kuonekana, kama haupo, mpaka ukutane na mkwaruzo. Kwenye mkwaruzo ndipo unapotoka. Waliokitengeneza walikuwa wamekichora maua madogo kwa mikwaruzo myembamba. Mchana huyaoni. Ukiwasha, yanatokea yamesimama hewani, meupe, na mwanga wake ni hafifu tu, wa kutosha kuona uso wa mtu aliye karibu. Bi Shirini aliyaita asmini, na sisi tukayaita hivyo.

Hapa niseme kosa langu la kwanza, ambalo ni dogo. Nilikipangusa kwa kitambaa kikavu. Mchanga wa Malindi uko kila mahali, uko hata kwenye kitambaa ulichokifua jana. Tulipowasha, kando ya maua kulikuwa na mistari minne inang'aa kuliko maua yenyewe.

"Na hapa alipita paka?" Bi Shirini aliuliza baadaye.

Plastiki ya namna hiyo imwagieni maji kwanza, kisha sabuni kwa kiganja, kisha iacheni ikauke yenyewe. Msiiguse kikavu.

Vibano vilivyokuja nacho vilikuwa vya gari la aina nyingine. Bwana mmoja wa gereji ya jirani akatushauri tutoboe ubavuni tupige skrubu. Mutiso akakataa, na alikuwa sahihi. Nyuma ya ule ubavu ndipo linapolala paa likikunjwa, na ndipo inapopita mipira ya mafuta inayoliinua. Msitoboe mahali ambapo hamjapaona kwa ndani. Mimi nilishona mikanda minne ya ngozi, nikaifunga kwenye vile vyuma viwili vilivyosimama nyuma ya viti, na chini ya kila mkanda nikaweka kipande cha mpira ili plastiki isilie barabara ikiwa mbovu. Nilijivunia mikanda ile. Kwa mikono yangu mwenyewe niliitikisa na haikutikisika.

Umeme ulikuwa wa Mutiso.

Sasa lazima niwaambie kilichokuwa kikiendelea na ambacho sikumwambia mtu. Karibu mwaka mzima Mutiso alikuwa akilalamika kwamba taa ya gerejini imefifia. Nilibadilisha balbu mara tatu, kila mara nikaweka kubwa zaidi. Ya tatu ilinifanya mimi nifinye macho, na yeye bado alisema imefifia. Alianza kuugonga mlango kwa bega. Alianza kuniuliza rangi za nyaya, kwa namna ya kupita tu, kama mtu anayeuliza saa. "Huu mwekundu, Mama Mwende, sivyo?" Mwende ni binti yetu wa kwanza. Nami namjibu, na tunaendelea. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mimi nilijua sukari inapanda kwenda wapi. Lakini kila siku niliiambia nafsi yangu kesho.

Alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, akitafuta waya wa kuungia zile taa. Katikati ya viti, chini ya swichi ya paa, kulikuwa na fungu la nyaya nyembamba. Wa kijivu ni wa taa ndogo za ndani, unaamka ukiwasha taa za gari. Huo ndio tulioutaka. Kando yake kuna wa kahawia, unaopeleka habari kwenye paa kwamba limefika juu au limefika chini. Huo hauguswi.

Akautoa mmoja kwa vidole viwili, akaninyooshea.

"Wa kijivu, sivyo?"

Ulikuwa wa kahawia. Niliuona. Nasema wazi kwamba niliuona, si kwamba nilidhani. Lakini sauti yake haikuwa ya kuuliza rangi. Ilikuwa inaniomba kitu. Ilikuwa kazi ambayo kila gereji mjini ilikuwa imesikia habari zake, na alikuwa ameniambia asubuhi hiyo, akinywa chai, kwamba anataka hii aifanye kwa mkono wake mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

"Ndiyo," nikamwambia.

Akakata, akaunga, akapaka grisi, akafunga. Muungo wake ulikuwa mzuri. Ni waya tu uliokuwa mwingine. Nilijiambia labda nimekosea mimi, labda gari hili rangi zake ni tofauti. Mtu akitaka sana kusikia, atasikia.

Tukaja kwenye sharti. Nikabonyeza swichi ya taa. Maua yakatokea, na ile mistari ya paka.

"Sema," akasema Mutiso.

"Yamewaka yote. Iko sawa."

Nikaliinua paa na kulishusha, taa zimezimwa. Likaenda vizuri. Sikuliinua taa zikiwa zinawaka. Kama ningeliinua ningeona pale pale, na nadhani ndiyo sababu sikuliinua. Hapo ndipo nilipolivunja sharti.

Jumapili Akbar na mama yake wakaenda Watamu. Wakirudi, karibu na Dabaso, mvua ikashuka ghafla kama inavyoshuka huku. Taa zilikuwa zinawaka. Akbar akabonyeza swichi, paa likainuka nusu, likasimama. Halikuenda mbele wala nyuma. Lilidhani limekwisha fika. Walikuja hadi mjini vile, gari limefumbua mdomo, Bi Shirini ndani yake na mtandio umemganda kichwani.

Asubuhi Akbar alikuja kwa miguu. Hakukaa alipokaribishwa.

"Mama ana homa," akasema. "Kifua kimebana. Daktari amekuja."

Mutiso akasimama. "Paa lilikuwa sawa. Tulilijaribu."

"Fundi, paa halikuwa na shida mpaka mlipoligusa." Kisha akasema lile alilokuja kulisema. "Labda umezeeka. Si aibu. Lakini mtu huambiwa."

Akaondoka. Mutiso alibaki ameshika bisibisi. Aliigeuza mkononi, akaipapasa ncha yake kwa kidole gumba, akairudisha mfukoni. Kisha akaenda kwenye pipa la maji akaanza kunawa, ingawa mikono yake ilikuwa safi.

"Baba Mwende," nikamwambia. "Ule waya ulikuwa wa kahawia."

Hakugeuka. "Ulijua lini?"

"Uliponionyesha."

"Ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo."

Akaacha kunawa. Niliyasikia maji yakidondoka kwenye viwiko vyake.

"Basi si macho yaliyoniharibia kazi," akasema. "Macho ningeyazunguka. Nimekuwa nikiyazunguka mwaka mzima kwa sababu nilikuwa na wewe. Ni wewe uliyeniharibia."

Alilosema lilikuwa kweli.

Mchana nilikwenda kwa Bi Shirini. Alikuwa amelala kwenye mito, uso mdogo, pumzi ikipiga filimbi.

"Shikamoo, Bi Shirini."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikamwambia yote. Waya, rangi, na ile ndiyo niliyoisema. Nilipaza sauti ili anisikie, kwa hiyo nadhani majirani walisikia pia. Yeye alinitazama midomo mpaka nikamaliza.

"Na fundi haoni?"

"Anaona kidogo. Na hicho kidogo kinapungua."

"Masikini. Na wewe ukamwonea huruma." Akakohoa, akanishika mkono. "Mimi wanangu walinionea huruma kwa masikio yangu. Wakaanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe mezani. Wallahi, nilikuwa nataka wanipigie kelele." Kisha akafumba macho. "Jana kabla ya mvua, nilimsikia Akbar akiimba. Miaka mingapi sijamsikia. Anaimba vibaya sana. Nendeni mkatengeneze."

Akbar hakutaka. Mama yake ndiye aliyetaka. Gari likaletwa, paa limefumbuka vile vile.

Hapa ndipo nilipojifunza umeme, nikiwa na miaka hamsini na minane. Mutiso aliketi kiti cha abiria, mimi nikalala chali pale alipokuwa akilala yeye. Alisema usianze na rangi. Anza na mahali. Shika waya kwenye boksi la fyuzi, uufuate kwa vidole mpaka unakokwenda, usiuache hata kwenye kona. Rangi ni ya kuthibitisha tu. Tulikwenda hivyo, yeye akipapasa kutoka juu, mimi kutoka chini, mpaka vidole vyetu vikakutana kwenye waya mmoja nyuma ya swichi.

"Huu?" nikauliza.

"Niambie wewe."

"Wa kijivu."

"Kweli?"

"Kweli. Na kama ungekuwa wa kahawia ningekuambia."

"Naam," akasema. "Sasa ukate. Usikate kama unakata uzi. Kata kama hutaki kuurudia."

Waya niliulaza chini ya zulia. Nilitaka kuupitisha kando ya reli ya kiti kwa sababu ndiyo njia fupi, akanizuia. Kiti kinakwenda mbele na nyuma, alisema, na siku moja kitauuma. Akanifanya niache urefu wa kiganja uliolegea kila mwisho, kwa ajili ya atakayekuja kurekebisha baadaye. "Huyo ni mtu pia," akasema. Nimelikumbuka neno hilo kuliko mafunzo yote.

Ule wa kahawia tuliurudisha ulivyokuwa. Kazi ambayo yeye angeifanya asubuhi moja ilinichukua siku mbili na nusu. Nilijikata, nilijichoma, nilitukana kwa Kikamba. Yeye alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Na kwa kuwa aliyefunga ni mimi, aliyepaswa kuwasha ni yeye.

Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Alisimama nyuma ya gari, akanyoosha mkono, akaitafuta swichi, akaibonyeza. Maua yakatokea. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na ndani ya gereji palikuwa na kivuli, kwa hiyo yalionekana vizuri sana, yamening'inia juu ya viti vitupu. Nilitaka kusema. Nilijiuma midomo.

Alitazama kwa muda. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Naona weupe," akasema. "Chini. Kama maziwa yaliyomwagika. Maua siyaoni."

"Yapo," nikasema.

"Sikukuuliza. Nakuambia ninachokiona." Akakaa kwenye ukingo wa mlango. "Siyaoni, Mama Mwende. Sasa jaribu paa, taa ziwe zinawaka."

Nililiinua na kulishusha mara kumi. Alihesabu yeye.

Jumapili iliyofuata Bi Shirini alikuwa amepona, ingawa bado amekonda. Alikuja na mwanawe kulichukua gari, akakataa kupanda. Alisema wa kwanza awe Mutiso. Kizuia upepo kikiwa kimesimama viti vya nyuma havikaliki, kwa hiyo mimi nilibaki na Bi Shirini kwenye mkeka, na Akbar akamchukua Mutiso, wawili peke yao, paa likiwa chini, taa zikiwaka ingawa jua lilikuwa bado halijazama kabisa. Nililitazama lile gari likienda, na ule mwanga mdogo mweupe ukienda nyuma ya vichwa viwili. Sijui walizungumza nini. Aliporudi, Mutiso alikuwa ameilaza kofia yake magotini, haikuhitaji kushikwa wala haikuruka.

"Hakuna upepo," aliniambia. "Hakuna kabisa. Tumekwenda mbio na nilimsikia akimeza mate."

Akbar alitaka kumpa mkono. Mutiso akampa, kisha akasema, "Mwenye kazi ni huyu," na Akbar akanipa mkono mimi pia. Hakutuomba radhi, wala sisi hatukutaka. Alikuwa amesema kweli, kwa ukali tu.

Kwa miaka sita baada ya hapo tulifanya kazi hivyo, mimi mikono, yeye kichwa. Watu walizoea. Wengine walikuja kutuangalia tu. Siku zake za mwisho alikuwa akikaa mlangoni na kuyatambua magari kwa sauti ya betri yanapoanza, na akinikuta nimefunga waya mfupi mno alijua kwa kupapasa. Bi Shirini aliendelea kwenda Watamu miaka minne ya hiyo sita. Nilimshonea mto wa shingo.

Lakini ninayotaka mkae nayo ni Jumatatu iliyofuata ile Jumapili. Tulivaa nguo za kanisani, tukaenda kliniki ya macho. Hatukuwa tumekubaliana. Aliamka akaniambia nijiandae, nikajiandaa. Msichana wa mapokezi alikuwa na kitabu kikubwa mbele yake. Akauliza jina, akaandika. Akauliza miaka, akaandika.

"Kazi, mzee?"

Nilimsikia Mutiso akivuta pumzi.

"Nilikuwa fundi wa umeme wa magari."

"Ulikuwa. Na sasa?"

"Sasa fundi ni huyu."

Akanyoosha mkono kunigusa bega. Mara ya kwanza alilikosa, akashika hewa. Mara ya pili akalipata.

Yule msichana alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Kisha akaitazama mikono yangu juu ya meza yake, na grisi iliyoingia chini ya kucha, akaacha kucheka. Aliandika. Akatuonyesha benchi karibu na dirisha. Tukakaa.